Fundi wa Ubaoni

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa moja: kubeba ndoo ya vitumbua hadi kwenye lango la karakana ya mzee tuliyemwita kwa heshima Ba Sikazwe, kule eneo la viwanda. Mama alianza kukaanga mimi nikiwa bado nimelala. Nilipotoka chumbani nilikuta ndoo imefunikwa kitambaa na chai yangu inapoa mezani.

"Kunywa upesi, Lubuto," alikuwa akiniambia. "Mafundi wakishakula kwa watu wengine, vitumbua hivi tutavila sisi wenyewe hadi Jumatano."

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Chimwemwe, hapa hapa mjini Kitwe. Baba alifanya kazi mgodini Solwezi na alikuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Bana Chewe, yaani Mama Chewe, dada yangu Chewe mwenyewe, mwenye miaka ishirini na miwili, na mimi, mwenye miaka kumi na mitatu, nikisoma darasa la nane.

Chewe alikuwa na cheti. Kilitundikwa sebuleni ndani ya fremu ya kioo, na mgeni yeyote aliyeingia alionyeshwa kabla hajakalishwa. Ufundi Umeme, daraja la kwanza. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi miezi kumi na minne kabla ya siku ninayoisimulia. Katika miezi hiyo alizunguka Kitwe nzima, akaenda Kalulushi, akafika hadi Mufulira, akiwa na nakala ya cheti ndani ya bahasha. Kila alikobisha hodi aliulizwa swali lile lile: "Umewahi kufanya kazi wapi?" Akijibu kwamba bado hajafanya, waliirudisha bahasha bila hata kuifungua.

Ni mimi niliyemwombea kwa Ba Sikazwe. Alikuwa mzee mfupi, mpana, mwenye sauti ya kushinda mashine zake, na karakana yake ilisuka upya nyaya za mota zilizoungua, za pampu na za vinu vya unga. Nilimwambia kwamba dada yangu ni fundi umeme.

"Ana cheti?" aliniuliza huku anatafuna.

"Ee mukwai," nilijibu, kama tunavyomjibu mkubwa. "Daraja la kwanza."

"Basi mwambie aje Jumamosi. Lakini vyeti mimi sivisomi, binti. Mimi natazama mikono."

Jumamosi hiyo tulikwenda pamoja. Chewe alivaa ovaroli yake ya chuo, iliyokuwa safi kama siku iliyoshonwa. Ningekuwa na akili, usafi ule ungenishtua mapema.

Ba Sikazwe alimpeleka moja kwa moja kwenye mota iliyofungwa mezani. Mafundi wanne waliacha kazi zao wakasogea, vitumbua mkononi. Mzee alibonyeza swichi, mota ikanguruma bila kuzunguka, naye akaizima haraka.

"Hii ina nini?"

"Huenda fezi moja imekatika, mukwai," Chewe alijibu bila kusita. "Umeme unaingia kwa fezi mbili, ya tatu haifiki. Ndiyo maana inanguruma na haina nguvu ya kuanza."

Mafundi walitazamana. Ba Sikazwe akaitikia kwa kichwa, amependezwa. Mimi nilivimba kichwa pale langoni.

"Vizuri sana. Sasa nionyeshe ni fezi ipi. Nyaya za kutoka ukutani hizo hapo, zina umeme. Mita ya kupimia hiyo hapo."

Chewe aliichukua mita. Akaigeuza, akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Akazungusha kitufe chake upande mmoja, kisha upande mwingine. Halafu akazigusisha zile ncha mbili kwenye nyaya.

Paa! Cheche ziliruka hadi darini. Mita ilimtoka mkononi ikaanguka chini, inafuka moshi. Chewe alirudi nyuma akajigonga kwenye meza ya chuma.

Kisha fundi mmoja kijana akaanza kucheka. Wenzake wakafuata.

"Fundi wa daraja la kwanza!" akapiga kelele. "Huyu ni fundi wa ubaoni! Mpeni chaki, jamani, mpeni chaki!"

Niliinua kifuniko cha ndoo, nikachukua kitumbua, nikamtandika nacho usoni. Nikachukua kingine. Mlinzi alinishika mkono kabla sijamaliza ndoo nzima.

Ba Sikazwe hakuwa anacheka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Umeweka mita kwenye kipimo cha ukinzani, cha nyaya zisizo na umeme, ukaipachika kwenye umeme!" alimfokea Chewe. "Unajua ungekufa? Unajua ningekwenda kumwambia nini mama yako? Chuoni mlikuwa mnatumia mita za namna gani?"

Chewe alijibu kwa sauti ndogo sana. "Mwalimu aliichora ubaoni, mukwai."

"Aliichora?"

"Ee mukwai. Na sisi tukaichora daftarini. Mimi nilipata alama zote."

"Toka," alisema Ba Sikazwe. "Toka kabla sijasema neno baya. Kila mwaka wananiletea watu wanaojua jina la kila spana na hawajui uzito wake. Nimechoka!"

Tulipofika nyumbani Chewe alikiteremsha cheti ukutani, akakiegemeza sakafuni, kioo kikitazama ukuta.

Mama alisikiliza habari yote huku amesimama, mwiko mkononi. Nilidhani atanigombeza kwa vitumbua nilivyovirusha. Hakuvitaja kabisa.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili ulikuwa unaamka alfajiri kwenda huko. Hawana vifaa?"

"Vipo, mama." Chewe alikuwa ameketi chini, bado na ovaroli. "Kuna karakana nzima nyuma ya jengo la utawala. Mashine zililetwa na wafadhili, mpya kabisa. Zimefungwa kufuli. Sisi tulikuwa tunazichungulia dirishani."

"Na hamkusema?" Nilishindwa kujizuia. "Nyinyi wote mlinyamaza tu, dada?"

Alinitazama kwa macho makali. "Tulikuwa tunafaulu, Lubuto. Nani hulalamika huku anafaulu?"

Maneno hayo yalinichoma mimi pia. Nilitoka nje nikajifanya naosha ndoo.

Muhula ule Mwalimu Nsofwa, mwalimu wetu wa kazi za mikono, alitutaka kila mmoja atengeneze kigoda. Mimi nilikuwa nimemwendea seremala wa sokoni tukapatana: vitumbua vya bure kwa wiki mbili, naye anitengenezee. Kigoda kilitoka laini, kimepakwa vanishi, hakitikisiki. Nilipewa alama kumi na tisa kwa ishirini. Kiliwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wageni wakionyeshwa, na jina langu likiwa limebandikwa juu yake. Rafiki yangu Namukolo alitengeneza chake mwenyewe, akajipiga nyundo vidole viwili, akapata kumi na moja. Nami nilimcheka. Nilimcheka kama yule fundi alivyomcheka dada yangu.

Jumatatu nilimsubiri Mwalimu Nsofwa mlangoni pa chumba cha ufundi. Nilimweleza habari yote ya kigoda kwa mkupuo mmoja, macho chini. Nilingoja kofi la maneno. Akawa anapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Nilijua," alisema hatimaye.

"Mwalimu?"

"Nimefundisha miaka ishirini, Lubuto. Kiungo cha seremala nakifahamu. Mtoto wa darasa la nane hawezi kukata kiungo kile."

"Sasa kwa nini ulinipa kumi na tisa?"

"Mkaguzi alikuwa anakuja. Mwalimu mkuu alitaka vitu vya kuonyesha."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda hasira zangu za Jumamosi zilikuwa bado zimejaa. "Kumbe ulijua!" nilipaza sauti. "Ulijua, ukanipa alama, ukamnyima Namukolo! Hivyo ndivyo walivyomfanyia dada yangu! Wakampa alama na alama, hadi juzi nusura afe!"

Mwalimu alikaa juu ya meza ya kazi. Akaniambia nimsimulie habari ya dada, nami nikasimulia. Nilipomaliza, alichukua kitabu cha alama, akakata ile kumi na tisa yangu kwa kalamu nyekundu.

"Utatengeneza kigoda kingine, hapa, mbele yangu. Na mimi nitakwenda kwa mwalimu mkuu kumwambia nilichofanya. Huo ni mzigo wangu, si wako." Kisha akauliza, "Hao wenzake Chewe, waliomaliza pamoja, wako wapi sasa?"

"Sijui, mwalimu."

"Chuo kinajua?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. "Basi kaulizeni," alisema. "Mtu mmoja akilalamika ataambiwa ni mzembe. Tafuteni wote. Andikeni majina."

Kigoda changu kilinichukua siku tisa na kilipata alama tisa. Miguu yake haikulingana hata kwa dua. Lakini nilikuwa na kazi nyingine sasa, kubwa kuliko kigoda.

Darasa la Chewe lilikuwa na wahitimu ishirini na wanane. Wengine tuliwapata kwa simu, wengine kwa kuuliza ndugu zao. Jumamosi na Jumapili tulitembea kwa miguu: Buchi, Chamboli, Wusakile, Ndeke. Chewe aliuliza, mimi niliandika kwenye daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Jina, mtaa, unafanya kazi gani, je, chuoni uliwahi kushika mita?

Nilifikiri nitaona huruma. Niliona hasira, na kila ukurasa iliongezeka. Huyu anauza muda wa maongezi barabarani. Yule anachoma mkaa kwa mjomba wake. Yule ameolewa, na mume wake humwita "Bi Cheti" akitaka kumuudhi. Watatu tu walikuwa mafundi umeme, na wote watatu walifundishwa kazi na baba au kaka zao, si chuo. Kwenye lile swali la mita, hapana zilifuatana ukurasa mzima.

Mtu wa ishirini na tano alikuwa Mubanga. Chewe alimkumbuka kama mcheshi wa darasa. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba ya dada yake Wusakile, kivulini mwa ukuta, mkono wa kulia ameufunika kwa leso.

"Karibuni, mafundi," alisema, akajaribu kucheka.

Jirani alikuwa amemwomba amfungie umeme nyumbani. Mubanga aliona aibu kusema hajui, maana mtaa mzima ulihudhuria sherehe ya cheti chake. Alishika waya aliodhani haukuwa na umeme. Umeme ukamnasa, watu wakamwondoa kwa ubao wa kitanda. Alitoa leso akatuonyesha. Vidole viwili havikuwapo, na vilivyobaki vilikuwa vimejikunja kama makucha.

"Unajua kinachoniuma zaidi?" alituuliza. "Kwenye mtihani kulikuwa na swali la usalama. Namba saba. Nililipata lote."

Chewe aliinuka akaenda kusimama peke yake barabarani. Niliandika: Mubanga, Wusakile, hana kazi, vidole viwili. Kalamu ilitoboa karatasi.

Tulirudi nyumbani tukamsomea mama daftari lote. Aliuliza, "Chuo kinapokea wanafunzi wapya lini?"

"Ijumaa ijayo," Chewe alijibu. "Wazazi wamealikwa."

"Tutakuwepo."

Kesho yake mama mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo kwenda karakana. Hakufunua kitambaa. Alisimama mbele ya Ba Sikazwe, akamwambia maneno ambayo mlinzi aliyarudia langoni kwa wiki nzima: "Ba Sikazwe, mwanangu mliyemwita fundi wa ubaoni hakujichagulia huo ubao. Ijumaa njoo chuoni uuone. Ukikataa kuja, vitumbua vyangu utavisikia harufu tu."

Ijumaa ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Wazazi walivaa nguo za kanisani, na watoto wao walikaa kando yao na bahasha za kujiunga. Mkuu wa chuo, Ba Kalumba, alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani na tai nzuri. Alizungumza vizuri sana. Aliwaambia wazazi kwamba chuo kina majengo mapya, walimu wenye shahada, na mashine za kisasa.

"Na wahitimu wetu," akamalizia, "wapo kila mahali! Migodini, viwandani, kila mahali!"

Watu walipiga makofi. Yalipotulia, Chewe alikuwa amesimama.

"Mimi ni mhitimu wako, mukwai. Daraja la kwanza. Naomba kuwasomea wazazi hawa wahitimu wako wako wapi."

"Binti, karibu sana, lakini leo si siku yake. Njoo ofisini wiki ijayo."

"Ni siku yake!" Mama naye alisimama. "Hawa wanakabidhi watoto leo. Uwaambie wiki ijayo, wakati umeshawapokea?"

Minong'ono ikazagaa ukumbini. Nilimpa Chewe daftari. Alisoma majina ishirini na sita, maana wawili hatukuwapata. Hakupamba na hakulia. Alisoma jina, mtaa na kazi, jina, mtaa na kazi. Alipofika kwa Mubanga aliteremsha daftari. Mubanga mwenyewe aliinuka kwenye kiti cha nyuma, akainua mkono wake juu bila leso.

Mama mmoja wa mbele alipiga kelele. Baba mmoja aliichana fomu ya mwanawe vipande viwili.

"Ifungueni karakana!" sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Ba Sikazwe, na yeye hakuhitaji kipaza sauti. "Hizo mashine za kisasa tuzione!"

Mtunza stoo alitafuta ufunguo hadi jasho likamtoka. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi Ba Sikazwe aligonge kwa jiwe. Ndani mlikuwa na vumbi la kufunika viatu. Makasha ya mbao yalipangwa hadi dirishani, mengine hata misumari yake haijang'olewa. Juu ya kasha moja njiwa walikuwa wamejenga kiota. Ba Sikazwe alibandua ubao mmoja. Ndani mlikuwa na mita, kumi na mbili, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Chewe alichukua moja. Aliishika tu, na Ba Kalumba alishindwa kumtazama.

"Kumi na mbili!" Ba Sikazwe alifoka. "Na mtoto wa watu kaiunguza mita yangu kwa sababu hizi zinalaliwa na njiwa! Wewe ni mwalimu au mlinda ghala?"

"Zikiharibika nani angetengeneza?" Ba Kalumba naye alipandisha sauti, miwani imeteleza puani. "Kila mwaka wakaguzi huhesabu vifaa. Hawajawahi kuniuliza wanafunzi wanajua nini, hata siku moja! Huniuliza vipo vingapi. Kikikosekana kimoja, kazi sina. Nikavifungia. Ndiyo, nilivifungia! Lakini wewe usinipigie kelele, Ba Sikazwe. Nilikuandikia barua kuomba wanafunzi wangu waje kujifunza kwako. Niliwaandikia wenye karakana wote wa mji huu. Barua tatu kila mwaka. Nani alinijibu?"

Mama alimgeukia Ba Sikazwe.

"Ulizipata?" alimwuliza.

"Nilizipata," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Niliona watanipotezea muda. Tuliwashia jiko."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekuja nikiwa na mtu mmoja wa kumchukia, na nilimchagua mapema: mkuu wa chuo na tai yake. Sasa walikuwa wawili, na Mwalimu Nsofwa watatu, na hata Chewe aliyekuwa anafaulu na kunyamaza, na mimi na kigoda cha seremala. Hasira yangu haikupungua hata chembe. Ila sikujua tena niielekeze kwa nani.

Mama alijua. "Kutiana aibu hakutamfundisha mtu," alisema. "Hakuna atakayetoka humu kabla hatujajua Jumatatu kunafanyika nini."

Wazazi waliburuta makasha wakayakalia, na mkutano ukafanyika pale pale, ndani ya vumbi. Walibishana hadi saa kumi. Mwishowe walikubaliana kwamba makasha yote yafunguliwe Jumatatu, na kifaa kitakachoharibika mikononi mwa mwanafunzi kiandikwe kimeharibikia kazini, wazazi wakitia saini pamoja na mkuu wa chuo ili asisimame peke yake mbele ya wakaguzi. Kila mwanafunzi angekwenda karakana ya mjini siku mbili kwa wiki, na Ba Sikazwe aliahidi kuwapokea sita na kuwasaka wenzake mmoja mmoja. Cheti kisingetolewa tena mpaka mwanafunzi afanye kazi kwa mikono mbele ya fundi wa nje. Na wahitimu wa nyuma wangerudi jioni kwa miezi mitatu, bila ada.

"Na jambo moja zaidi," Chewe alisema. "Kila mwaka chuo kituandike. Nani ana kazi, nani hana. Orodha ibandikwe langoni, hata kama inatia aibu."

Ba Kalumba alivua miwani akaifuta vumbi. "Hasa kama inatia aibu," alijibu.

Nisingependa mdhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza wenye karakana wawili walijitoa. Mita tatu ziliungua. Chewe alirudi nyumbani kila usiku mikono ina michubuko, ovaroli ina grisi isiyotoka, na siku moja alilala bila kula kwa kutukanwa, akiwa mazoezini kwa Ba Sikazwe, na yule kijana niliyemtandika kwa kitumbua. Baada ya miezi mitatu Ba Sikazwe alimwekea mota nyingine mezani. Chewe alipima, akapata kosa, akafungua, akasuka upya nyaya zote kwa siku mbili. Mzee aliizungusha, akaisikiliza, akamwambia aje Jumatatu saa moja asubuhi, na asichelewe.

Hadi mwaka ulipoisha, kumi na watano kati ya wale ishirini na sita walikuwa kwenye kazi ya umeme. Wengine walikuwa bado wanatafuta. Mubanga aliajiriwa pale chuoni kufundisha usalama, na huanza kila darasa jipya kwa kuweka mkono wake mezani. Vidole vyake havikurudi. Nikikumbuka hilo hasira hunipanda hata leo.

Juzi mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alikuja kununua vitumbua. Mwanawe amemaliza darasa la tisa na anataka ufundi. Alimwuliza mama ampeleke chuo kipi, maana kuna kimoja kina majengo ya ghorofa na bustani nzuri, na watoto wote wa pale wanafaulu.

Mama alifunga vitumbua kwenye karatasi, akampa. Kisha akanitazama mimi, si yule mwanamke.

"Mwanangu huyu hapa alinidanganya kwa alama kumi na tisa, akanifurahisha kwa alama tisa," alisema. "Sifa usiyoitolea jasho ni deni, mama mwenzangu. Siku moja mtu atakuja kuidai, na anaweza kuidai kwa vidole." Akamgeukia mgeni wake. "Majengo hayaajiriwi, dada. Nenda huko kawaulize waliomaliza wako wapi. Wakikujibu wako kila mahali, waombe majina."